Kabla Hujanunua Kioo, Jua Picha Inaharibikia Wapi

Mteja akiingia kwangu na laptopu yenye mistari, karibu kila mara ameshapewa jibu: kioo kimekufa, tafuta kingine. Kapewa na rafiki, kapewa na jirani, wakati mwingine na fundi aliyeitupia jicho mara moja huku simu ikiwa sikioni. Na mara nyingi ameshaanza kutafuta hela. Nina steshenari hapa Dodoma, upande wa Ng'ong'ona, jirani na chuo. Nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najalidi tasnifu, na kwa miaka sasa watu huniletea pia kompyuta zinazozingua kwa kuwa wanajua sianzi na bisibisi. Naandika haya kwa uchungu. Nimeona vioo vizima vikitolewa na kubadilishwa, mwenye laptopu akalipa, akafika hosteli, akawasha, na mistari ikawa pale pale. Kijana ambaye bumu lake lote limeishia kwenye kioo ambacho hakukihitaji, nani anamrudishia?

Mistari inakwambia kitu kimoja tu: picha imefika ikiwa imeharibika. Haikwambii imeharibikia wapi, na hilo la pili ndilo linaloamua utalipia nini.

Picha ina safari. Huanzia kwenye chipu ya michoro, ambayo katika laptopu nyingi imo ndani ya prosesa yenyewe na huazima sehemu ya RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ili kuhifadhi kile kinachotakiwa kuonekana. Kutoka hapo hupita kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, hadi soketi ndogo, huingia kwenye waya mwembamba unaopenya katikati ya bawaba, hupanda ndani ya kifuniko, na kufika kwenye kibao kirefu cha elektroniki kilicho nyuma ya kioo, ukingo wa chini. Kibao hicho ndicho kinachogawa ishara kwenye kila nukta. Nyuma ya vyote kuna taa za LED zinazomulika, maana kioo cha LCD chenyewe hakitoi mwanga. Hapa Dodoma sote tunajua maji yanatoka visimani Mzakwe. Yakifika machafu kwenye ndoo yako Area C, huanzi kwa kununua koki mpya. Unauliza kwanza kama jirani anayo machafu pia. Laptopu nayo inataka swali hilo hilo.

Laptopu ninayoifanyia kazi mwenyewe ni ya inchi 15.6, imetengenezwa 2012, niliinunua ikiwa mtumba. Ndiyo iliyolisha familia yangu, kwa hiyo ilipoanza kuugua nilikaa nayo kwa makini. Ilianza msimu wa baridi, zile asubuhi za Juni na Julai ambazo hata mama ntilie wanachelewa kuwasha moto. Weupe wa ukurasa wa Word uligeuka waridi. Halafu nikafungua picha ya pasipoti ya mteja, dada mmoja mwenye ngozi ya maji ya kunde, na vivuli vya shavuni vilikuwa vimepoteza ulaini wote: kahawia ikaruka moja kwa moja hadi kijani, kijani hadi nyeusi, kila rangi ikiwa na mpaka wake mkali. Herufi zilisomeka vizuri. Kona zote zilionekana. Hakuna mstari. Rangi ndizo zilizoharibika, tena kwa mpangilio, si ovyo.

Mpangilio huo ulinipa kitu cha kufuatilia. Vioo vingi vya rika hilo hupokea picha kwa njia inayoitwa LVDS. Katika vioo vya aina yangu, rangi husafiri kwenye jozi tatu za nyaya, na jozi ya nne hubeba mapigo ya kupangilia muda. Jozi moja ya rangi ikikatika, sehemu ya tarakimu za rangi hupotea na zilizobaki zinafika. Matokeo yake ndiyo yale niliyoyaona shavuni kwa yule dada: umbo lipo, ngazi za rangi hazipo. Laptopu za baadaye hutumia njia ya eDP, ambayo tabia yake ni tofauti. Huko waya ukilegea, mara nyingi skrini nzima inazima na kuwaka, au inamemeteka, kwa sababu pande mbili hushindwa kuelewana na kulazimika kuanza mazungumzo upya. Kwa hiyo hata kabla ya kugusa chochote, jitahidi kuieleza hitilafu kwa maneno kamili. "Inazingua" haitoshi. Inageuza rangi? Inachora mistari ya wima au ya mlalo? Inakuja ikipata moto au ikiwa baridi? Inatulia ukigusa kifuniko?

Jambo la pili lilikuwa kamera. Kwenye kikao cha mtandaoni cha wazazi, kamera iligoma, nikadhani ni programu. Baadaye, nikiwa nawaza habari ya rangi, nikaunganisha yale mawili. Katika laptopu nyingi nyaya za kamera na maikrofoni hupita kwenye bawaba ile ile, mara nyingi zikiwa zimefungwa pamoja na waya wa kioo. Kioo na kamera ni vifaa viwili visivyohusiana. Vikiugua katika wiki moja, kitu cha kwanza cha kutazama ni kile wanachochangia. Sijasikia fundi akimuuliza mteja, "Na kamera je, inafanya kazi?" Ningependa waanze kuuliza. Haigharimu chochote.

Lakini dalili ni dalili; inabidi ujaribu. Mimi huigawa safari ya picha katikati, kisha nikaigawa tena.

Jaribio rahisi kuliko yote ni kupiga skrinishoti wakati hitilafu ikiwa machoni, halafu kuituma kwenye simu. Skrinishoti haipigi picha ya kioo. Inanakili kile kilichomo kwenye kumbukumbu kabla hakijaanza safari ya kwenda kwenye kioo. Ukikuta kwenye simu mistari ile ile, basi imezaliwa huku nyuma: kwenye draiva (programu inayoiendesha chipu), kwenye chipu ya michoro, au kwenye RAM. Kununua kioo hapo ni kutupa hela. Ikiwa skrinishoti ni safi, shaka inahamia mbele, ingawa chipu bado haijaachiwa huru kabisa, kwa kuwa inaweza kuharibu picha wakati wa kuitoa. Kwa hiyo ninaendelea.

Jaribio la pili ni televisheni. Karibu kila sebule siku hizi ina televisheni bapa yenye tundu la HDMI, na laptopu kongwe zina HDMI au VGA. Unganisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kuonyesha kote kuwili. Sasa tazama skrini zote mbili kwa pamoja. Televisheni safi na laptopu chafu: chipu, RAM na Windows karibu vimetoka kwenye orodha, umebaki na waya, kioo, au soketi inayovipa ishara. Zote mbili chafu: kioo hakina kosa. Ninasisitiza kuacha televisheni ikiwa imeunganishwa muda wa kutosha, na kucheza video au kitu kizito, kwa sababu hitilafu zinazoletwa na joto hazitokei katika dakika ya kwanza. Ya kwangu ilionyesha rangi safi kabisa kwenye televisheni, ngozi ya yule dada ikarudi kuwa ngozi, huku kwenye laptopu shavu likiwa la kijani.

La tatu ni kuingia BIOS, ule ukurasa unaofunguka kabla ya Windows. Zima, washa, bonyezabonyeza F2, au F10, au Esc, au Del, kutegemea mtengenezaji. Kama mistari iko na kule, Windows haihusiki, na ukisikia mtu anasema "tupige Windows upya," mrudishie pole pole mkono wake. Hili ninalisema kwa ukali kwa sababu kupiga Windows upya ni dawa inayotolewa kwa kila ugonjwa, na ndiyo inayofuta tasnifu za watu. Nimemwona binti akilia hapa mezani, sura tatu zimekwenda, na mistari ikiwa bado ipo kwenye skrini.

Upande wa programu nitaupitia haraka, si kwa kuwa hauna maana, ila kwa kuwa ndio rahisi kuuthibitisha. Skrini ikiganda au kumemeteka ndani ya Windows tu, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva ya michoro itaanzishwa upya, skrini itapepesa, na ikitulia umeshapata mshukiwa. Ingia pia katika hali salama, ambako Windows hutumia draiva yake ya msingi badala ya ile ya mtengenezaji wa chipu. Au chukua flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, washa laptopu kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, uone kama ugonjwa umefuata. Laptopu nyingi za rika hili bado zina Windows 10, ambayo muda wake wa kuhudumiwa na Microsoft ulikoma 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kuifahamu Ubuntu ya kwenye flashi kutakufaa kwa mambo mengine pia.

Baadhi ya laptopu za Dell zina jaribio lao zuri sana: unashikilia herufi D huku ukiwasha, na kioo kinaonyesha rangi tupu, moja baada ya nyingine, kikizitengeneza chenyewe bila kusaidiwa na chipu ya michoro. Natamani kila mtengenezaji angefanya hivyo.

Turudi kwenye waya. Nilifungua picha nyeupe tupu ikajaza skrini yote. Nikashika kifuniko kwa pembe zake za juu, mikono miwili, nikakirudisha taratibu sana kutoka karibu kufungwa hadi mwisho wake, macho yakiwa kwenye weupe. Karibu na wima, waridi ilitoweka. Nikasogeza upana wa kidole, ikarudi. Nikabaki nikikipeleka na kukirudisha, na kila kikipita pembe ile rangi ilibadilika. Kioo kibovu hakijali pembe ya kifuniko. Waya unaokunjwa kwenye bawaba unajali. Tahadhari moja hapa: ukiona skrini inazima kabisa, si kubadilika rangi, kifuniko kikifika pembe fulani, au ukiweka simu yenye kava la sumaku karibu na kibodi, huenda ni kitambuzi cha kifuniko. Laptopu nyingi zina sumaku ndogo kwenye kifuniko na kitambuzi upande wa kibodi, na vikidanganyika laptopu inadhani imefungwa.

Kuna alama nyingine zinazoelekeza kwenye kioo chenyewe, na nisizifiche, kwa maana vioo navyo hufa. Kioo cha kawaida cha rika hilo kina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Kila nukta ina vijidirisha vitatu, chekundu, kijani na bluu, kwa hiyo kuna njia 4,098 zinazoshuka wima na 768 zinazokatiza mlalo. Njia moja ya wima ikiachia pale ilipogandishwa ukingoni, unaona mstari mmoja mwembamba wa rangi moja, juu hadi chini, siku zote mahali pale pale. Haujali pembe, haujali programu, haupo kwenye televisheni. Mstari wa namna hiyo ni wa kioo na hauna dawa ya mezani. Ukibonyeza kidogo fremu ya chini ukaona mstari unakuja na kwenda, ni ule ugandishaji unaachia. Watu hukata kadi wakachomeka hapo ili kuubana. Unatulia kwa muda, kisha mistari inaongezeka. Kama unaweza kufanya kazi huku ukiuona mstari mmoja, uache, weka akiba, usiharakishe.

Nilifungua laptopu yangu mchana, mlango wa duka ukiwa umefungwa kwa ajili ya upepo. Hili la hewa yetu liangalieni. Mvua zikishaisha, kuanzia Mei hadi Novemba, Dodoma ni kavu kiasi kwamba ukivua sweta la nailoni unasikia cheche, na cheche hiyo hiyo ikipita kwenye chipu inaweza kuiua bila wewe kuona kitu. Vaa pamba. Gusa chuma kitupu kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa ndani ya mashine. Chomoa chaja, na chomoa betri kwanza, hata kama ni ya ndani na inabidi ufungue mfuniko wa chini kuifikia. Waya wa kioo haubebi picha peke yake. Kibao cha kioo kinakula 3.3 V tu, lakini taa za nyuma hupewa umeme unaokaribia ule wa chaja, kama 19 V, na pini zake zimekaa kwenye soketi ile ile, zikitenganishwa na nafasi ndogo kuliko unene wa kucha. Kuchomeka soketi hiyo ikiwa imepinda huku betri ikiwa ndani ndiko kunakounguza fyuzi ya taa kwenye mazabodi. Mtu alikuja na tatizo la rangi, anaondoka na giza.

Vifuniko vidogo vya mpira kwenye pembe za fremu vinaficha skrubu. Nikavitoa kwa sindano, nikazitoa skrubu, nikazipanga juu ya karatasi niliyochora umbo la laptopu, kila moja mahali pake. Fremu ya plastiki niliiachanisha kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, nikianzia juu, klipu moja moja. Kioo kikalazwa juu ya kibodi, uso chini, juu ya kitambaa. Nyuma yake kulikuwa na soketi imefunikwa na gundi ya plastiki angavu, safi, imeshika vizuri. Nikafuata waya kwa kidole kuelekea bawaba ya kushoto. Ndani ya bawaba, mahali unapogeuka kuingia kwenye mwili wa laptopu, utepe mweusi uliouviringisha ulikuwa umelika. Chini ya utepe kulikuwa na nyaya nyembamba kama nywele, na moja ilikuwa imekatika huku shaba yake ikigusana na kuachana kila nilipotikisa. Pembeni yake waya mwingine, wa kamera, ulikuwa umechubuka vibaya hivyo hivyo. Nilikaa pale nikitazama kitu chenye upana wa milimita kadhaa ambacho kingenigharimu kioo kizima.

Waya una kibandiko chenye namba yake. Namba hiyo ndiyo inayoagizwa, si jina la laptopu, kwa kuwa laptopu ya jina moja inaweza kuwa na nyaya mbili tofauti kutegemea kioo ilichotoka nacho kiwandani. Nilimtumia picha ya kibandiko muuza spea wa Kariakoo, ukaja na basi. Wakati wa kuurudisha niliulaza ndani ya mfereji wake wa asili, zile kucha za plastiki zikiushika, maana waya mpya ukipitishwa nje ya mfereji utalika mapema kuliko wa zamani. Kamera na rangi vilirudi pamoja.

Kisa cha pili kilinifundisha zaidi, kwa sababu televisheni haikuwa safi. Kijana wa mwaka wa tatu alikuja na laptopu iliyojaa vimraba vya rangi, vingine vikirukaruka, na mara kwa mara inazima kwa ile skrini ya bluu. Alishapita kwa fundi mjini.

"Mama, shikamoo. Wameniambia chipu imekufa, wanataka kuichoma."

"Marahaba baba. Kwani umeshawalipa?"

"Bado. Nimewaambia nitarudi."

Kuchoma maana yake ni kupuliza chipu ya michoro kwa hewa ya moto mkali, kwa matumaini kwamba viungio vilivyoachia vitashikana. Tabia hiyo ilienea sana baada ya lile tatizo la mwaka 2008, NVIDIA, kampuni ya chipu za michoro, ilipotangaza mwezi Julai kwamba inatenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinakufa kwa wingi kuliko kawaida, kutokana na udhaifu wa vitu vilivyotumika kuunganishia chipu na kibebeo chake. Ukiipasha chipu ya namna hiyo inaweza kufufuka kwa wiki au miezi, kwa kuwa joto limerudisha mgusano, ila udhaifu wenyewe umebaki ndani. Kwangu mimi, kumtoza mwanafunzi hela ya kuchoma bila kumwambia kwamba kupona kwake ni kwa muda ni dhuluma. Na laptopu ya kijana huyu haikuwa hata na chipu ya pembeni. Michoro yake ilikuwa ndani ya prosesa, ikiazima RAM.

Vimraba vilikuwepo kwenye televisheni. Vilikuwepo BIOS. Skrinishoti ilivibeba hadi kwenye simu yangu. Kwa hiyo kioo, waya na Windows vikaondoka kwa mkupuo, na tukabaki na prosesa au RAM. Laptopu ilikuwa na vipande viwili vya RAM. Tukachomoa betri, tukatoa kimoja, tukawasha: vimraba. Tukakirudisha, tukatoa kingine, tukawasha: skrini safi kama siku ya kwanza. Kijana alishika kichwa. Nikamwambia asifurahi bado, tukabadilisha tundu ili kuhakikisha si soketi inayodanganya, tukasafisha pini za kile kibovu kwa kifutio cha penseli, tukajaribu tena. Kibovu kilibaki kibovu popote kilipokaa. Usiku niliacha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikikimbia kutoka kwenye flashi na kipande kizuri kikiwa peke yake, asubuhi hakikuwa na kosa. Aliondoka na nusu ya kumbukumbu yake na laptopu nzima, akaendelea kuandika. Chipu ya michoro inayoazima kumbukumbu mbovu itachora mambo mabovu. Ukweli huo haumo vichwani mwa watu wengi wanaoshika laptopu za wengine, na ndiyo maana hukimbilia moto.

Moto wenyewe, kwa upande mwingine, hapa kwetu ni adui wa kweli. Upepo wa Agosti na Septemba unaleta vumbi jekundu linalopenya popote, na feni ya laptopu inalinyonya hadi mapezi ya kupoozea yanafunikwa na kitu kinachofanana na blanketi. Ukiona vimraba au skrini kuganda kunatokea baada ya nusu saa ya kazi na kutoweka laptopu ikipoa, safisha kwanza. Shika feni isizunguke, pitisha brashi laini, puliza kutoka nje kuelekea ndani ya feni, na kama mashine ina miaka mingi bila kufunguliwa, badilisha ile pesti kati ya chipu na bomba la shaba, kwa kuwa huwa imeshakauka na kuwa unga. Usiiweke laptopu juu ya kitanda. Wanafunzi wote wanaiweka kitandani.

Na skrini ikiwa nyeusi kabisa, usiiandikie hati ya kifo bila tochi. Mzee mmoja mstaafu anayeishi Kikuyu, hapa mjini, aliniletea ya kwake akiwa ameshaambiwa aitupe. Tulifunga pazia, nikamulika kioo kwa pembeni kwa tochi ya simu, na akaona kwa macho yake picha ya wajukuu wake ikiwa pale, hafifu, nyuma ya giza. Picha ilikuwa inafika. Taa za nyuma ndizo zilizokufa. Faili zake zote tulizitoa jioni hiyo kupitia televisheni yake. Yeye kioo alikihitaji kweli, na alikinunua akijua anakinunulia nini.

Ukifika huko, kwamba majaribio yote yamekielekezea kidole kioo, basi nunua kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kioo chenyewe, kwenye kile kibandiko chenye mistari ya bakodi. Hesabu pini. Vioo vingi vya inchi 15.6 vya zamani vyenye LVDS vina pini 40, na vya eDP vya ukubwa na ubora ule ule vina pini 30, na havibadilishani hata kama fremu inalingana. Angalia mashikio ya skrubu yako juu na chini au pembeni, angalia soketi iko upande gani. Mwambie muuzaji akiwashe mbele yako kabla hujatoa hela, ukitazame kikiwa cheupe, cheusi, chekundu, kijani na bluu, maana nukta iliyokufa haionekani kwenye kila rangi.

Wanaotaka kuja kwangu, duka hufunguliwa saa mbili asubuhi. Njoo na chaja, kwa sababu hitilafu nyingine huja ikiwa kwenye umeme tu. Njoo na flashi tupu ili tutoe kwanza mafaili yako kabla ya jambo lolote. Na kwa kuwa mistari ina tabia ya kujificha ikifika mbele ya fundi, ichukue video kwa simu ikiwa bado iko nyumbani, kifuniko kikionekana na saa ya kwenye kona ya skrini ikionekana, nione hitilafu ilitokea saa ngapi.